Vibao vya Trei ya Tisa

Jumanne, 10 Desemba

Trei ya tisa imepotea. Vibao thelathini na moja vya udongo, vyenye maandishi ya kabari, alama zilizochapwa udongoni kwa ncha ya unyasi, ya watu waliolima ukingo huu huu wa mto Furati miaka elfu nne iliyopita, vililowa mvua ya Jumamosi tarehe 7 vikawa tope. Picha zake mia mbili arobaini na nane, nilizopiga mimi na kuzikabidhi kwa mkono wangu Alhamisi tarehe 5, hazionekani. Kwa hiyo kibao hakipo na picha ya kibao haipo.

Naanza kuandika leo kwa sababu leo nimeona maneno ya mtu yanavyogeuka huku mwenyewe amekaa palepale kwenye kiti chake.

Mambo yalikwenda hivi. Kila trei nikiimaliza, nahamishia picha kwenye flashi, naipeleka ghorofani kwa Ustadhi Wathiq, mkuu wa vibao hapa makumbusho, yeye anazipandisha kwenye hifadhi ya mtandaoni ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuifungua bila kuomba ruhusa. Halafu mbele yake nafuta kadi ya kamera. Hiyo ndiyo kazi yangu ninavyoijua. Miaka kumi na sita napiga picha za harusi upande wa wanawake, mji huu mpaka Samawa. Bibi harusi yuko kichwa wazi, mabega wazi, dada zake wanacheza. Nikimaliza, flashi naiweka mkononi mwa mama yake, kisha nafuta kila kitu naye akitazama mpaka kadi isome sifuri. Sijawahi kubaki na picha ya mtu. Ndiyo sababu wananifungulia milango.

Alhamisi ile nilipofuta, Ustadhi Wathiq alicheka. Akasema, "Mama Tabarak, hawa bibi harusi wana miaka elfu nne. Nani ataona wivu?"

Alicheka akiwa na flashi yangu mkononi. Kwenye kamba yake nilikuwa nimefunga uzi mwekundu.

Leo mkurugenzi alipomuuliza kama aliipokea, alitazama dirisha akasema, "Kwa kweli sikumbuki."

Hakusema hakupewa. Amesema hakumbuki.

Jumatano, 11 Desemba

Mvua. Ndoo nne kwenye ukumbi.

Alhamisi, 12 Desemba

Nimeshuka ghalani kumsaidia Bi Rasmiya. Yeye ndiye anayetibu vibao: anasugua chumvi kwa brashi ndogo, anaunga vilivyopasuka. Vibao vyetu havikuchomwa tanuruni, ni udongo uliokaushwa juani tu, na udongo huo ukionja maji unarudi ulikotoka.

Trei ya tisa bado iko palepale kwenye meza ya kusafishia, chini ya pale dari ilipotoboka. Aliiacha hapo Alhamisi ile mchana, kila kibao kimelala juu ya sponji yake, akisema ataipandisha rafuni Jumapili. Ijumaa na Jumamosi jengo lilifungwa kama kawaida. Sasa ni bamba moja la tope lenye namba za karatasi zinazoelea. Bado anaokota vipande kwa kibano, na havina hata alama moja.

Nikamwambia, Bi Rasmiya, pumzika kidogo.

"Nipumzike nini," akasema bila kuinua kichwa. "Wewe na kufuta kwako. Mwanamke mzima hata nakala moja hukuweka?"

Nikamjibu kwamba ningeweka nakala za watu, asingeniona hapa, ningekuwa nimeshachomewa studio. Nilimwona anafuta jicho kwa kiwiko kwa sababu vidole vilikuwa na tope.

Jumapili, 15 Desemba

Tumetafuta tena. Droo zote za Ustadhi, mbele yake, kwa idhini yake. Alizifungua mwenyewe moja baada ya nyingine, mpole kabisa. Akanipa na tochi niangalie chini ya kabati. Nilimwonea haya.

Jumatatu, 16 Desemba

Mama mmoja wa mtaa wa ng'ambo ya daraja amenipigia simu. Binti yake anaolewa mwezi wa pili na tulishapanga kila kitu. Baada ya salamu ndefu akaniuliza flashi iliyopotea ni ya harusi ya nani.

Nikasema si ya harusi, ni ya vibao.

"Vibao gani?"

"Vya udongo. Vya makumbusho."

Nilisikia televisheni kwake.

"Sawa, dada yangu. Lakini imepotea mkononi mwako?"

Nikamwambia haikupotea mkononi mwangu. Akasema alhamdulillahi, basi tutazungumza. Hajasema lini. Wa pili huyo wiki hii. Siku za msiba wa Bibi Fatima, binti wa Mtume, hazikuwa na harusi, hilo nililitarajia. Hili sikulitarajia.

Kamera ya kwanza niliinunua kwa bangili mbili za mahari, mume wangu hana hata mwaka kaburini. Shemeji zangu walisema mwanamke mwenye kamera atawaletea aibu. Sijawaletea. Na sasa aibu inaletwa na udongo.

Alhamisi, 19 Desemba

Ukungu. Umeme wa serikali umewaka kwa saa tatu tu, jenereta ya mtaa imekohoa ikazima. Mashine ya kukausha hewa ghalani haikuwaka siku nzima. Bi Rasmiya alikuwa anagusa ukuta kila mara kama mama anayepima homa ya mtoto.

Jumapili, 22 Desemba

Ustadhi Wathiq amenikuta asubuhi na malai, utando mzito wa maziwa ya nyati wa kufugwa, asali na mkate wa moto, amenunua kwa yule mama wa kona ya soko. Akanitaka nile kwanza. Kisha akaniambia nisijisumbue moyo. Kamati ya uchunguzi itakuja kutoka Baghdad, yeye atasema mbele yao kwamba mimi ni mtu mwaminifu na kwamba kosa hutokea. Ameshaandika hata maelezo mafupi kwa niaba yangu, niweke sahihi tu: kwamba nilifuta picha kabla ya kuhakikisha zimefika.

"Hawatakufanya lolote, dada yangu. Watakuonya, basi."

Karibu niweke. Kalamu ilikuwa mkononi. Tulipoanza kazi mwezi wa tisa yeye ndiye aliyenifundisha jinsi ya kuweka taa chini kabisa, pembeni mwa kibao, ili kila mkwaruzo utoe kivuli chake. Hakuwahi kuniita mpiga picha wa harusi kama wengine. Ni mtu wa heshima. Suti moja ya kahawia, imepigwa pasi kila siku, umeme uwepo usiwepo.

Nikamwambia nitaisoma nyumbani. Tabarak, binti yangu, akaisoma mara mbili akaniuliza, "Mama, hii mbona inasema kufuta, haisemi kukabidhi?"

Sijaweka sahihi.

Alhamisi, 26 Desemba

Trei ya kumi na nne imekwisha. Picha nane kila kibao: uso, mgongo, kingo nne, na mbili za taa ya pembeni. Sasa naweka nakala tatu na sifuti chochote, na kila nikirudi nyumbani na kadi ambayo haijafutwa najiona kama mwizi. Mkono unataka kubonyeza wenyewe.

Jumapili, 29 Desemba

Mvua. Hakuna kazi.

Alhamisi, 2 Januari

Mvua tena. Fundi wa dari amekuja, ametazama, amekunywa chai, ameondoka. Bi Rasmiya amefunika rafu zote kwa nailoni. Tumekaa sote watatu kulizunguka jiko la mafuta ya taa, Ustadhi akasimulia jinsi walivyoficha vibao wakati wa vita, ndani ya magunia ya mchele. Tulicheka. Halafu akaanza ile hadithi yake tuliyoizoea: kwamba amesoma kabari miaka ishirini, walimu wa Ulaya wakija anawasomea, wakirudi kwao wanachapisha vitabu, na yeye anashukuriwa kwenye ukurasa wa mwisho pamoja na dereva.

"Na sasa hii hifadhi ya wote," akasema. "Nipige kazi mimi, halafu kitoto cha Oslo kivisome vibao kitandani kabla sijavaa miwani."

Bi Rasmiya akamwambia avae miwani mapema.

Jumatano, 8 Januari

Nitaandika polepole, sitaki kukosea.

Wanafunzi kumi na wawili wa chuo walikuja leo kuona makumbusho. Mkurugenzi akamwomba Ustadhi awazungumzishe ukumbini. Mimi na Bi Rasmiya tulisimama nyuma na vikombe vyetu vya chai. Vijana walikuwa wamechoka, wawili wanachezea simu, ndipo akaanza kuwaeleza kuwa vibao vingi si mambo ya wafalme, ni mambo ya nyumbani. Akawasimulia habari za mwanamke mmoja aliyemwandikia kaka yake. Kaka alikuwa amekwenda mji mwingine na mzigo wa sufu ya dada yake, harudi wala sufu hairudishi, kila mara anatuma salamu tu. Dada akamwandikia. Ustadhi akafumba macho akaitoa kwa sauti ya mwanamke aliyekasirika, vijana wote wakacheka, hata wale wa simu:

"Usiniletee maneno. Niletee sufu."

Mimi pia nilicheka. Nilipogeuka kumtazama Bi Rasmiya, hakuwa anacheka. Kikombe chake kilikuwa kimesimama hewani, hakijafika mdomoni.

Wanafunzi walipoondoka akanishika mkono tukashuka ghalani. Akafunga mlango.

"Umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Sufu."

Nikamwambia sijui anasema nini. Akanikalisha kwenye kiti chake, yeye akabaki amesimama. Akanieleza hivi. Trei ya tisa haijawahi kusomwa na mtu. Ilifika imefungwa, ikakaa imefungwa. Kibao cha kumi na saba ndani yake kilikuwa barua, hata yeye asiyesoma kabari anaijua sura ya barua. Mgongo wa kibao hicho ulikuwa na ganda la chumvi, mweupe mtupu, huwezi kuona hata alama. Alhamisi tarehe 5 asubuhi ndipo alipomaliza kulitoa ganda hilo. Hapo ukaonekana mstari mmoja umepigiwa kistari chini, katikati ya mgongo, peke yake, wenye alama ya sufu, ambayo hata yeye anaitambua kwa kuiona kila siku. Akanikabidhi mimi nikapiga picha. Nakumbuka. Nilishusha taa mpaka ikagusa meza, na alama zikatoka kama mishipa ya mkono wa bibi kizee. Saa nane mchana jengo likafungwa. Jumamosi ikanyesha.

"Siku ile Ustadhi alishuka huku?" akaniuliza.

Hakushuka. Mimi ndiye niliyempandia ghorofani.

"Basi mgongo wa kibao kile umeonwa na macho mawili yangu, mawili yako, na kamera. Yeye ameusoma wapi?"

Nikamwambia huenda ni barua nyingine. Watu wa kale walidaiana sufu kila siku, Ustadhi mwenyewe ndivyo anavyosema.

"Huenda," akasema Bi Rasmiya. "Nilijiambia hivyo mpaka nikakumbuka jambo. Alipokuwa anasimulia alichora hewani kwa kidole. Akasema, na hapa mwanamke akapiga kistari chini, kwa hasira. Hukumwona?"

Nilimwona. Wote tulimwona.

Kisha akaketi juu ya sanduku, akafunika uso kwa mikono yake yenye vumbi, akasema trei ile aliiacha yeye pale mezani. Yeye, si mvua. Kila siku alikuwa ananilaumu mimi kwa kuwa akiacha kunilaumu atabaki na nafsi yake.

Nikampa chai yangu, ilikuwa imeshapoa.

Alhamisi, 9 Januari

Picha zipo. Kila nikiliandika hilo nafurahi, na kabla sijamaliza mstari furaha inakatika.

Kwa maana nifanye nini? Nikimtaja mbele ya mkurugenzi, atasema kisa kile alikisoma kwingine, na jioni hiyohiyo flashi itakuwa ndani ya Furati. Kitu kidogo kama kidole. Na hapo watu thelathini na mmoja wa udongo watakuwa wamekufa mara ya pili, kwa ulimi wangu. Nikinyamaza, jina langu ndilo litakalozama. Bi Rasmiya anasema ningoje. Nimemuuliza ningoje nini, hajui.

Jumatatu, 13 Januari

Baridi. Trei ya kumi na sita. Taa imeungua.

Jumanne, 14 Januari

Nimepanda kwake. Nilijifanya naomba taa nyingine. Alikuwa amevaa koti lake juu ya suti, jiko halina mafuta, na mezani karatasi nyingi za mwandiko wake, alizifunika kwa gazeti nilipoingia. Hakuzifunika haraka. Alizifunika kama mtu anayefunika mkate usiingie nzi.

Nikamuuliza anaandika nini siku hizi.

"Kitu changu," akasema. "Cha kwanza chenye jina langu juu."

Nikamwambia hongera. Nikamwambia nami studio yangu ina jina langu juu, Nadhima, herufi za bluu, nimezipaka mwenyewe, na kwamba wiki hii ameghairi mteja wa nne.

Nilidhani atakiri. Naapa midomo yake ilifunguka.

"Ulifuta wewe, Mama Tabarak," akasema. "Ningekuwa mimi nisingefuta."

Alisema kwa upole uleule wa malai na asali. Nimeteremka ngazi. Mwezi mzima nilidhani naogopwa na watu wajinga na kutetewa na mtu mwema. Na baya zaidi, bado namhurumia. Miaka ishirini ya kushukuriwa pamoja na dereva. Najua ladha yake. Mimi niliingia harusi nyingi kwa mlango wa jikoni.

Lakini mimi sikuondoka na picha ya mtu.

Jumatatu, 20 Januari

Mvua usiku kucha, alfajiri imekatika. Nailoni imeshika. Hakuna kilicholowa.

Jumanne, 28 Januari

Kamati inafika Jumapili tarehe 2, saa nne kamili asubuhi. Mkurugenzi amenipa yale maelezo tena, yamepigwa chapa vizuri, na sehemu ya sahihi. Nisipoweka, mkataba unavunjwa na jina langu linapelekwa kwa makumbusho yote. Nikiweka, mkataba unavunjwa kwa heshima. Aliona haya kunitazama. Akasema Ustadhi ameniombea sana.

Jumatano, 29 Januari

Bi Rasmiya amesema atasimama na mimi mbele ya kamati, aeleze habari ya chumvi na ya tarehe 5, hata kama itabidi akiri kuwa trei aliiacha yeye. Amebakiza miaka miwili kufikia pensheni. Nimemkatalia. Akisikia tu kwamba tutazungumza wawili mbele ya watu wa Baghdad, Wathiq atakuwa ameshakwenda mtoni usiku wa Jumamosi. Kinachotakiwa si kumshinda. Kinachotakiwa ni flashi.

Tabarak ananiuliza kwa nini nijali udongo wa watu kuliko jina letu. Nikamwambia sijali kuliko. Najali vyote viwili na sijui mikono yangu itatosha. Yule mwanamke wa sufu, nikamwambia, alikaa chini ya ardhi akisubiri kujibiwa, akatolewa, akaonwa mchana mmoja tu. Mchana huo nilikuwepo mimi na taa yangu. Nikimwacha sasa, nani mwingine anayejua kwamba alikuwepo?

Tabarak akasema, "Wathiq anajua." Na hapo ndipo nilipojua nimwambie nini Ustadhi.

Alhamisi, 30 Januari

Saa nane mchana, jengo likifungwa, nimempelekea Ustadhi Wathiq ujumbe kwenye simu. Nanakili hapa kama ulivyo, asije akasema hakumbuki:

"Ustadhi, assalamu alaikum. Sitakutaja kwa mtu kabla ya Jumapili. Sijamwambia mkurugenzi na sitamwambia. Flashi yangu ina uzi mwekundu. Ukiiweka kwenye droo ya meza ya kupigia picha ghalani, mimi nitaikuta, nitaiambia kamati kuwa ilikuwa ndani ya mkoba wangu wa harusi tangu Desemba, nimeisahau. Unajua maneno hayo yatanifanya nini mjini. Hakuna mama atakayenipa binti yake nimpige picha tena. Nitayasema hata hivyo, na karatasi zako zitabaki zako, jina lako juu, maana picha zikiwa wazi kwa wote, wewe ndiye uliyeanza kuzisoma na hakuna wa Oslo atakayekunyang'anya hilo. Isipokuwepo kwenye droo, nitasimama Jumapili niulize mbele ya wote uliusoma wapi mgongo wa kibao cha kumi na saba. Wanafunzi kumi na wawili walisikia. Najua ukiitupa sitakuwa na la kuonyesha. Nawe utakuwa na karatasi ambazo hutathubutu kumwonyesha mtu, kwa kuwa atakuuliza kibao kiko wapi, kisha atakuuliza picha iko wapi. Utabaki unazisoma peke yako, na huyo mwanamke amefungiwa nyumbani kwako. Mimi nimewaficha wanawake kazi yangu yote kwa sababu waliniomba. Huyu hakuomba. Huyu aliandika ili asomwe. Kwa hiyo sitaki salamu, wala malai, wala kuombewa. Unayo au huna? Nijibu kwa neno moja kabla ya saa nne asubuhi, Jumapili tarehe 2. Usiniletee maneno. Niletee flashi."

Alama mbili za bluu zimetokea saa nane na dakika tano. Amesoma. Nje imeanza kunyesha.